Mtangazaji wa Kantri Mwenye Lafudhi ya Nyandarua

Nilikuja ughaibuni, mjini Louisville, kusomea uhasibu, lakini nilichokipenda tangu utotoni kule Nyandarua ni muziki wa kantri. Baba aliusikiliza redioni kila Jumapili, nasi watoto tuliimba naye bila kuelewa nusu ya maneno. Kwa hiyo niliposikia kituo kidogo cha kantri kinatafuta mtangazaji, nilikwenda.

Meneja alinisikiliza nikisoma utabiri wa hali ya hewa, akavua miwani. "Muziki huu unaujua kuliko vijana wangu. Lakini kwa lafudhi hiyo, watu watadhani wamekosea stesheni."

"Basi wasikilize mpaka wajue ni stesheni gani," nikamjibu.

Akanipa kazi ya kupanga nyimbo. Miaka miwili nilichagua nyimbo, wengine wakazisifia hewani.

Maikrofoni niliipata nilipohamia kituo kingine, mjini Columbus, kipindi cha Jumamosi asubuhi. Siku moja akapiga simu mama Mkongomani anayetunza wazee.

"Dada, mzee wangu hasemi tena," akaniambia kwa Kiswahili. "Alikuwa dereva wa malori. Lakini ukipiga ile ya magitaa, mguu yake inacheza. Umupigie, tafadhali."

Tulikuwa hewani. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikawafasiria wasikilizaji wengine kwa Kiingereza, nikaupiga wimbo. Kupitia simu nilimsikia mama yule akicheka na kumshangilia mzee wake.

Jumatatu meneja wa huko aliniita. "Hii si redio ya wageni. Jumamosi utaomba radhi, au uondoke."

Jumamosi nikafungua maikrofoni. "Wiki iliyopita nilizungumza Kiswahili hapa. Nimeambiwa niombe radhi. Siombi." Nikayarudia maneno hayo kwa Kiswahili, nikaweka wimbo. Kabla haujaisha, nilikuwa nje kwenye maegesho, koti mkononi. Nililia, nisidanganye. Lakini kurudi ndani kubembeleza, hapana.

Hapa Buffalo, kituo cha redio ya jamii kilinipa saa mbili za Jumapili alasiri, nami natangaza kwa lugha zote mbili. Wakongomani wa viwanda vya Tonawanda, mji jirani, hunipigia wakitoka zamu. Wiki ya kwanza alipiga pia mzee mmoja wa hapahapa, amefura.

"Kapige muziki wa kwenu!"

"Huu ni wangu pia, mzee. Ngoja usikie unaofuata."

Hakukata simu. Siku hizi hupiga kila Jumapili kunikosoa: huu umepitwa na wakati, ule si kantri halisi. Tunabishana mpaka tangazo linatukatiza. Kisha naupiga wimbo niliokuwa nimeuchagua.