Vigelegele kwa Waliochapwa

Ukimwona Jerotich akisukuma kiti cha mgonjwa katika makao ya wazee tunakofanya kazi mimi na yeye, hutadhani kwamba mwanamke huyo mfupi aliwahi kuongoza uwanja mzima kwa filimbi. Alikuwa mwalimu wa michezo huko Nandi kwa miaka kumi na mmoja. Alikuja huku Maryland, Marekani, mwaka wa 1998, akasomea uuguzi, akanunua nyumba Germantown, na hata leo akiingia chumbani wazee wenyewe hujinyoosha vitini. Mimi naitwa Awino. Nimekula kwake mara nyingi mno, kwa hiyo nikimsifu mnivumilie.

Uwanjani kwake kulikuwa na sheria moja. Katika mbio ndefu, mshindi akishafika, hakuna ruhusa ya kuondoka. Mnamsubiri wa mwisho, hata kama amepitwa mizunguko mitatu, na akija anachechemea mnasimama wote, mnampigia makofi na vigelegele mpaka avuke mstari. Mtoto aliyenyamaza alifyeka nyasi siku ya pili. "Watu husema asiyekubali kushindwa si mshindani," huniambia. "Sawa. Na huyo anayeshinda, yeye amefundishwa nini?"

Mwanawe Kipkemboi hakuzitaka mbio ndefu. Alichagua mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa kwapani, na kufikia mwaka wa 2006 ndiye aliyekuwa mkimbiaji tegemeo wa timu ya shule yake, kijana wa miaka kumi na saba mwenye shingo kama gogo. Jumamosi moja ya Oktoba mamaye alinivuta twende kumtazama. Mchana ulikuwa wa jua. Tukabeba chai kwenye chupa na mandazi, tukakaa upande wa wenyeji.

Wageni walikuwa wachache, hata wa kuingia badala ya waliochoka hawakupatikana. Kufikia robo ya tatu ilikuwa arobaini na nane kwa nunge. Mchezo ule siuelewi sana, lakini kuchinja nakujua. Kocha wetu hakuwatoa vijana wake wakali. Aliendelea kuwaamuru warushe mipira mirefu, kwa sababu alitaka kufikisha sitini. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Mtu ameshalala chini, unamtafutia nini mfukoni?

Kijana mmoja wa wageni, mwembamba, namba kumi na tisa mgongoni, aliangushwa na watatu, akakaa kidogo, akainuka. Jerotich akasimama, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani. Kijana alipoinuka mara ya pili, kigelegele tena. Mara ya tatu nami nikasimama, maana rafiki haachwi peke yake.

Watu wakageuka. Upande wa pili wazazi wa wageni nao walisimama, lakini si kwa kutushukuru. Baba mmoja alitunyooshea kidole. Cheryl, mama wa mchezaji mwenzake Kipkemboi, aliinama akatuambia polepole, "Mama Kip, wanadhani mnawacheka."

Hilo lilinichoma, kwa sababu walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Nani pale angejua sheria za uwanja wa Nandi? Walichoona ni wanawake wawili wa timu inayoongoza wakishangilia kila mtoto wao anapoangushwa.

Kipkemboi akaja mpaka kwenye uzio, kofia ngumu mkononi, uso umekunjamana. Yeye huelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Alimwambia mamaye, bila kupandisha sauti, kwamba anamwaibisha, na kwamba akipiga kigelegele kingine asije tena kumtazama akicheza.

Nilimtazama rafiki yangu. Huyu ndiye mtoto wake wa pekee, na kwa zamu tunazofanya, saa hizo za Jumamosi ndizo anazomwona. Angekaa tu, hakuna ambaye angemlaumu. Mimi mwenyewe nilishaanza kufunga chupa ya chai.

"Awino, beba hayo mandazi," akasema.

Tukauzunguka uwanja mzima mpaka upande wa wageni. Jerotich akamwendea yule baba wa kidole. "Mimi ni mama wa namba ishirini na mbili," akamwambia kwa Kiingereza chake cha darasani. "Vijana wenu wanaangushwa na wanainuka. Kwetu mtu kama huyo hushangiliwa. Nimekuja kuwashangilia kutoka hapa, mkiniruhusu." Yule baba alimtazama, akayatazama mandazi, akasogea. Namba kumi na tisa alipoinuka tena, Jerotich akapiga kigelegele kile kile, na safari hii akina mama wa pale wakajaribu kumfuatisha, vibaya sana.

Zikiwa zimebaki dakika nne, Kipkemboi akapewa mpira. Akawapita wawili, mbele yake hakuna mtu, ni nyasi tu mpaka mstari wa kupatia pointi. Akainua macho, akamwona mamaye amesimama katikati ya wageni. Akakata kona, akatoka nje ya uwanja kwa miguu yake mwenyewe, akauweka mpira chini. Kocha akamfokea na kumketisha benchi. Matokeo yakabaki arobaini na nane.

Wapo waliosema kijana aliteleza. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, na hakuteleza.

Kipkemboi alirudi nasi garini. Tulipokaribia nyumbani akauliza kwa Kiingereza chake, "Jumamosi ijayo tunacheza kule Columbia. Utakaa upande gani, Mum?"

"Upande unaochapwa," akasema Jerotich, macho barabarani.

Huko Columbia tulichapwa sisi, thelathini na moja kwa nunge, kwa hiyo hatukuhama viti. Kipkemboi aliangushwa mara kumi na nne, nilihesabu. Kila alipoinuka, alitazama kwanza tulikokaa.