Macho ya Manjano

Kazini walimwita Dada Poda, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Alikuwa mpambaji wa waigizaji katika tamthilia ya runinga iliyowaliza watu kila Ijumaa jioni: habari za baba anayekufa polepole huku wanawe wakijifanya hawaoni. Maneno yaliandikwa na wengine. Ugonjwa wenyewe, ule wa kuonekana, ulitoka katika sanduku lake la bati.

Hakutaka kubahatisha. Kabla ya kuanza kupiga picha alimtafuta muuguzi mstaafu, akaketi naye mchana kutwa na daftari mapajani.

"Anza na panja, hapa kando ya macho," muuguzi alimwambia. "Huingia ndani kabla mtu hajajua kuwa amekonda. Halafu shingo; kola inakuwa kubwa. Macho yaache mwisho. Yakigeuka manjano, mwanangu, hapo maji yamezidi unga."

Basi akamdhoofisha kwa rangi mwigizaji wa yule baba, hatua kwa hatua. Mtu mwenyewe alikuwa mnene, mcheshi, mpenda karanga, lakini akitoka chumba cha mapambo mafundi wa taa waliacha utani wakampisha njia.

Asubuhi moja, nyumbani, alimpelekea baba yake chai. Mzee alikuwa dereva wa gari moshi mstaafu, na tangu afiwe na mkewe aliishi na binti yake huyo. Siku hiyo alikuwa ameketi dirishani, mwanga ukimpiga upande mmoja wa uso. Binti akasimama na kikombe mkononi. Panja za mzee zilikuwa zimebonyea. Kola ya shati, ile ile ya siku zote, ilikuwa imemwachia shingo kama ya kuazima.

"Mbona umesimama kama nguzo?" baba akauliza.

"Chai ya moto, Baba."

Akajiambia ni uzee. Uzee ni jalala, kila jambo hutupwa humo. Lakini tangu siku hiyo hofu ilihamia kwake na mizigo yake yote. Alichungulia sahani ya baba ili aone kilichobaki. Alisikiliza nyayo zake kuelekea msalani. Jambo moja tu hakuthubutu: kumtazama machoni. Alimpakulia chakula akiangalia sufuria, akamuaga akiangalia mlango. Kazini, alipomvisha mwigizaji lenzi za manjano machoni, aliangalia pembeni.

"Dada Poda, leo unanitoboa!" mwigizaji alilalamika. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Wiki tatu zikapita hivyo. Ijumaa ikafika, akaketi na baba yake sebuleni kutazama, taa ikiwa imezimwa kama mzee alivyotaka. Kwenye kioo, mgonjwa aligeuka akamkabili mwanawe kwa macho ya manjano. Mzee akasogeza kiti karibu na runinga.

"Umempaka vizuri mno," akasema. "Ila pana kosa."

"Kosa gani, Baba?"

"Mbona hajikuni?"

"Kwani anapaswa kujikuna?"

"Macho yakifika pale, mwili unawasha kama umelalia upupu. Mwambieni ajikune."

Neno hilo halikuwamo daftarini. Muuguzi hakulisema. Binti akainuka kwenda kwenye swichi ya taa.

"Usiwashe, mama," baba akasema kwa upole.

Akawasha. Macho ya baba yake yalikuwa ya manjano kuliko yale aliyoyatengeneza yeye. Mzee akapandisha mkono wa shati. Ngozi ilikuwa na michirizi ya kucha tangu kiwiko hadi kifundo cha mkono.

"Tangu lini?"

"Yalianza sehemu ya tatu ya hiyo tamthilia yako." Akajaribu kutabasamu. "Nilikuona unanikwepa, nikajua umeshaona. Nikaogopa kukuogopesha zaidi."

"Na mimi niliogopa kukuuliza."

"Basi tumekaa humu kama paka wawili gizani."

Hospitalini daktari aliwaonyesha picha. Uvimbe ulikuwa kwenye kongosho, umeibana njia ya nyongo, na ulikuwa umeshatambaa. Wangeweza kuweka mrija wa kupitisha nyongo, lakini kuuondoa uvimbe wenyewe, hapana. Ilibaki miezi, tena michache.

"Kuwasha kutakoma?" mzee akauliza.

"Kutakoma."

"Basi hilo nalo ni jambo." Akamshika binti yake mkono.

Kazini, mwongozaji wa tamthilia alimsihi binti abaki mpaka sehemu ya mwisho, sehemu ya kifo. Mwigizaji mwenyewe ndiye aliyeinuka, uso nusu umepakwa, akasema, "Mwacheni aende kwa baba yake." Binti akaenda.

Mrija ulifanya kazi. Baada ya wiki mbili macho ya mzee yalikuwa meupe, akaomba ugali mara mbili, na majirani wakaja kushukuru kwamba amepona. Hapo ndipo binti alipoogopa kuliko siku zote, kwa kuwa hakuwa tena na alama ya kusoma. Kila asubuhi alisimama nje ya chumba cha baba, mkono kwenye kitasa, akisubiri kusikia kikohozi ndipo aingie.

"Baba, wewe huogopi?" alimuuliza siku moja.

"Naogopa, mama, sana. Lakini handaki la reli hutisha zaidi ukiliona kwa mbele. Mimi nimeshaingia. Wewe ndiye bado uko nje."

Mzee aliaga dunia mwezi wa nne tangu awekwe mrija, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limejaa chumbani na binti alikuwa akimkata kucha huku akimsimulia ugomvi wa jirani na mwenye nyumba. Alikuwa amemaliza mkono wa kushoto. Asubuhi zote aliogopa mlangoni; siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amesahau kuogopa. Aliuhisi mkono ukiwa mzito ndani ya wake, akakatisha habari ya jirani, akasikiliza pumzi.

Kisha akauchukua ule wa kulia, akamalizia kucha zilizobaki, akaenda kumwita jirani.