Kwani Tulilala Nyumba Moja?

Ofisi yetu ya Kilifi hutunza programu ambazo hoteli hutumia kuuza vyumba. Hapo nimejifunza kwamba kijana anayekaribia kuacha kazi huacha kwanza kusalimia. Nimeliona hilo kwa wengi, kwa kuwa mimi ndiye ninayewafundisha wanapoingia. Kazi hii sikuisomea darasani. Niliipata kwa kusoma miongozo na kukosea, na imenipa mazoea ya kutazama dalili kabla ya kutaja ugonjwa.

Jumatatu moja msichana wetu wa Kakuyuni, aliyebeba simu ya wateja mchana na usiku, aliingia, akaketi, akauliza, "Hoteli ya Bofa wanataka nini tena?"

"Kwani tulilala nyumba moja?" mwenzake akamtania.

Hakucheka. Baadaye alinifuata nilipokuwa nikimimina chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Ijumaa ndio mwisho wangu."

Nilimuuliza amepata kazi wapi. Hakuwa amepata popote. "Simu inalia nikiwa kanisani, inalia nikiwa naoga. Kila ujumbe umeandikwa dharura. Siku hizi hata isipolia naisikia. Mama ameanza kuniuliza naumwa na nini."

Nilikwenda kwa mkubwa wetu. "Vijana hawana subira," alisema. "Mwache aende. Wengine wako tele."

Nilimwambia nimechoka kujaza maji kwenye pakacha. Kila anayeondoka huondoka siku anapoanza kuielewa kazi. Niliomba simu ya wateja niishike mimi, na ujumbe wa maandishi usipokewe tena: mwenye dharura apige, aseme kwa mdomo wake. Alikubali hadi Ijumaa, nadhani ili nishindwe.

Sikuwa na ujanja wowote. Nilichojua ni kwamba mtu wa pwani hawezi kukupigia akaanza na shida yake. Jumanne alipiga meneja wa hoteli moja ya Malindi. Tuliulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za mvua. Tulipomaliza ndipo akataja lake.

"Enhe, nilikuwa nataka ile picha ya bwawa iwe kubwa."

"Ni dharura?"

"Dharura?" Akacheka. "Hapana bwana. Hata wiki ijayo."

Wengi walikuwa hivyo. Alhamisi ilikuja dharura ya kweli: chumba kimoja kiliuzwa kwa familia mbili, na zote zilikuwa zimesimama mapokezi na mizigo yao. Niliikabidhi kwa yule msichana, akaimaliza kabla chai yake haijapoa.

Ijumaa mchana mkubwa alitoka ofisini kwake na kuichukua simu mezani kwangu, akaiweka mbele ya msichana. Mteja wa Bofa amelalamika, alisema. Hataki kuulizwa habari za watoto, anataka kujibiwa ujumbe wake. Asipojibiwa atahama.

"Ahame," nikasema. "Wateja wako tele."

Mkubwa alinigeukia. Nikaongeza, kwa sauti ya kawaida, kwamba huyu akiondoka leo sitamfundisha mwingine wa kubeba simu hiyo peke yake, wala yeyote baada yake. Kama ni lazima ibebwe, ibebwe kwa zamu, na zamu ya kwanza ni yangu.

"Utaibeba hadi lini?"

"Hadi zamu zipangwe."

Alirudi ofisini kwake bila kusema ndiyo wala la. Msichana aliitazama simu bila kuigusa.

"Jumatatu itakuwa na nani, mjomba?"

"Na mimi."

"Na Jumanne?"

"Na mimi."

"Basi Jumatatu nitakuja," alisema. "Ya Jumanne siyajui."

"Ya Jumanne tutayasema Jumanne."

Alikuwa bado anafunga mkoba wake simu ilipolia. Mkono wake uliinuka wenyewe, kisha akaushusha. Niliichukua, nikaishika ikilia hadi alipofika nje na kufunga mlango, ndipo nikaipokea.