Akeyo Mwenye Kwao

Akeyo alizaliwa kwenye kota za reli mjini Nakuru, akaolewa humo, akafiwa na mume humo, lakini hakuwahi kukubali kwamba anakaa Nakuru. Kwa maneno yake, alikuja kutafuta riziki tu. Nyumbani ni Alego, kwa mumewe, kwenye nyumba ya matofali yenye mabati mekundu. Kila Desemba alifunga mizigo majirani wakiona, kisha akajificha kwa dada yake Kisumu hadi sikukuu zipite. Alego hapakuwa na nyumba. Marehemu aliliuza shamba lote, na Akeyo hakumwambia mtu.

"Mama Kui, ukifa utazikwa wapi?" alipenda kumuuliza jirani yake Wangare, mtoto wa vibarua wa shamba la mzungu huko Elburgon. "Makaburi ya manispaa, katikati ya Wahindi na Wasomali?"

Wangare alikuwa akiendelea kufua nguo zake.

Ndipo ikaamuliwa kota zibomolewe, zijengwe ghorofa. Wakazi wakaitwa uwanjani, pale kati ya msikiti na kanisa la Wasabato. Afisa wa mipango ya mji, Cherono, alisema anataka kujua mchanganyiko wa watu.

"Wenye kwao mashambani, upande wa msikiti. Wasio na kwao, upande wa kanisa."

Akeyo alitangulia upande wa msikiti, shingo juu. Jirani mwingine, Mzee Sitati, alitaka kumfuata. Mkewe akamvuta koti.

"Asanteni," Cherono akasema. "Ghorofa hazitoshi. Tutaanza na wasio na kwao. Hawa wengine watapewa lori la kuwapeleka nyumbani."

Akeyo akamsogelea Cherono. "Madam, labda sikuelewa swali."

"Kwani mathe, huna kwenu?"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Neno moja tu lingempa nyumba.

"Anako!" Wangare akapaza sauti, akamgeukia Akeyo. "Matofali, mabati mekundu! Ama ulikuwa unatubeba ufala, unatudanganya, miaka yote hii, Mama Adongo?"

Watu wakaangua kicheko. Akeyo aliwatazama mmoja mmoja: Waluhya, Wakikuyu, Wakalenjin, wake zao na watoto wao.

"Sijawahi kusema uongo," akajibu. "Kwetu kupo."

Siku ya lori, Wangare mwenyewe alisaidia kupakia kitanda, akakaza kamba, akamwambia asalimie watu wa nyumbani. Walipoipita Sachangwan, dereva Kipkemoi akauliza, "Tukifika Alego, mathe, nipinde wapi?"

"Wewe endesha," Akeyo akasema. "Nitakuonyesha."