Godoro Letu kwenye Boti ya Chuma

Safari hii ilianza kwa sababu ya godoro. Mwenzangu wa kazi kule ghalani alikuwa anauza boti yake ya chuma, ndefu na nyembamba, ya kukaliwa mwaka mzima, akakubali niijaribu kwa siku tatu, Januari 2006. Mimi nilishaipenda kabla ya kuipanda. Mke wangu Rehema alinisikiliza akiwa jikoni, koti mwilini, kwani katika nyumba yetu ya kupanga pale Nechells, Birmingham, tulivaa makoti hata mezani.

"Baba Juma, umenitoa Molo ukanipeleka Nairobi, kisha Coventry, kisha Sparkbrook, kisha hapa. Sasa majini?"

"Ni mara ya mwisho."

"Hiyo nimeshaisikia. Chukua godoro letu ukalalie. Likirudi kavu, nahamia. Likirudi limelowa, usinitajie boti tena."

Ijumaa asubuhi mfereji wa kupitia boti ulikuwa umeganda juu. Pua ya chuma ya boti ilipoipasua ile barafu, mlio ukaruka kutoka ghala moja hadi jingine, nami nikapiga kelele za furaha peke yangu. Nimesafiri kwa malori na kwa treni za usiku, lakini sikuwa nimewahi kuendesha nyumba!

Mbele kidogo, mtu alichomoka kwenye boti ndogo nyeupe iliyofungwa ukingoni, akinifokea kwa Kiingereza.

"Pole! Pole sana!" nikajibu bila kufikiri.

Akasimama, akacheka. "Kumbe ni mtu wa nyumbani! Basi punguza mwendo, mzee. Barafu unayosukuma itanikata ubavu. Yako chuma, yangu faiba."

Alikuwa Abdi, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Alinipa chai ya tangawizi, nikamuuliza faiba, ile plastiki ngumu, inakaaje na baridi.

"Ukiwasha hita, punde uko Garissa juani. Ukizima, punde uko tena Birmingham."

Mchana nilipanda kwenda katikati ya mji, lango la maji la kuinulia boti baada ya lango, nikizungusha vyuma vya kuyafungulia hadi nikavua koti. Jioni nikaifunga boti, nikawasha jiko la makaa ya mawe na kuinjika maharage kama tulivyozoea nyumbani, sufuria wazi, yachemke taratibu. Upepo ulipenya kwenye matundu ya hewa, nikayaziba kwa soksi. Nililala nikijiona mfalme.

Alfajiri tone la maji lilinidondokea kwenye paji la uso. Kisha jingine. Kwa nusu usingizi nilidhani niko Molo, chini ya mabati ya nyumba ya mama, ambako asubuhi za baridi paa lilitutilia matone kitandani. Nilipofumbua macho niliona kuta zinatiririka. Upande wa godoro uliogusa chuma ulikuwa umelowa chepechepe.

Jumamosi niliendelea kuelekea upande wa Harborne. Karibu na hospitali kubwa ya huko nilikuta boti kuukuu ya mbao, na juu yake mzee akipampu maji. Nikasikia anaimba kwa Kiswahili. Alikuwa Baba Neema, mtu wa Bukavu, Kongo. Nilimwonyesha godoro, nikamsimulia usiku wangu.

"Ulipika maharagi, na matundu yote umefunga na soksi?" Akashika kichwa. "Ndugu yangu, ulitaka kufa! Na moshi ya makaa nayo ingetokea wapi?"

"Nilitaka joto lisitoke."

"Mbao yangu haitokake jasho sana, lakini inakunywa maji kwa chini, kila asubuyi minapampu. Chuma yako haiingize maji, lakini ile mvuke yote ikigusa baridi, inakurudilia. Fungua dirisha, papa. Moto kidogo usiku wote, na dirisha wazi."

Alinipa vipande vya mbao nivipange chini ya godoro, hewa ipite, pamoja na sponji ya kuziba pale chuma kilipokuwa uchi. Tulilikausha godoro kando ya jiko. Usiku ule nililala na dirisha wazi kidogo, nikihisi nimerukwa na akili. Asubuhi nilipapasa ukuta: mkavu!

Jumapili jioni nilirudi Nechells. Rehema alikuwa akinisubiri ukingoni. Aliingia bila kusalimu, akalala kifudifudi, akaweka shavu kwenye godoro, akatia mkono chini yake, kona hadi kona. Akasita kwenye kona moja.

"Hapa pana alama."

"Pale maji yalipoingia," nikasema. "Nilipika maharage nikafunga kila kitu."

Alipapasa tena, akanusa. "Lakini ni pakavu."

Nikamweleza yote: kwamba faiba hupoa upesi, mbao huvuja, chuma hutoa jasho, na kwamba kwenye chuma joto la kulala nalo huanza na dirisha lililo wazi. Aliinuka, akafungua dirisha la juu ya jiko kwa kiasi cha vidole viwili, akasimama akisikiliza makaa.

Kisha akavua koti, akatafuta msumari wa kulitundika.