Blanketi la Kwenda Saudia

Aliyesema Saudia ni mama. Mimi sikusema kitu. Tulikuwa kwenye bomba la maji nyuma ya nyumba zetu za Ziwani, na mwanamke mmoja wa kikundi chao cha kanisa akamuuliza mbona amenunua beseni, slipa na miche minne ya sabuni siku moja. Mama akajibu bila kupepesa macho, "Binti yangu anaenda Saudia, kazi ya nyumba." Nilikuwa nimesimama papo hapo na ndoo yangu. Ningeweza kukanusha. Lakini asubuhi hiyo kichwa kilikuwa kizito, na kukanusha nako ni kazi. Kufikia jioni hata muuza mboga za sukuma wa pale kona alikuwa akiniita madam wa Saudia.

Nilikokuwa naenda ni Limuru, kule juu kwenye baridi, kwenye kituo wanakolazwa watu walioshindwa na pombe. Miezi mitatu. Nina miaka thelathini na minane, ni fundi wa nguo, na kwa miaka mingi nilishona mapazia na sare za shule kwenye duka moja la Eastleigh. Halafu mikono ikaanza kutetemeka mpaka nitie kitu tumboni, kwa hiyo nikawa nakunywa kwanza ndipo nishone. Siku niliyopachika mkono wa kushoto upande wa kulia kwenye gauni la bibi harusi, mwenye duka hakunifokea. Alinikusanyia mkasi wangu na futi yangu ya kupimia, akavitia kwenye mfuko, akanipa. Afadhali angefoka.

Kitanda nilikuwa nimeshakipata mara moja, nikakipoteza. Siku ya kwenda nilipita kwanza kuwaaga marafiki, na marafiki wenyewe ni wale wale wa kwenye chupa. Safari hii mwanamke anayepokea simu pale kituoni aliniambia polepole, kama anayemwagiza mtoto dukani. Kitanda wangenishikia hadi Jumamosi saa sita mchana, baada ya hapo ni cha mwingine. Nisijaribu kuacha ghafla peke yangu nyumbani, mwili unaweza kuniangusha. Nije nilivyo, lakini nije. Na nije na ndugu wa karibu wa kutia sahihi. Ndugu wa karibu ninaye mmoja tu duniani, na ndiye huyo mama aliyesema Saudia.

Orodha yao ilikuwa kama ya shule ya bweni. Shuka mbili, slipa, beseni, hakuna manukato, hakuna dawa ya kusukutua mdomo, kila nguo ishonwe jina kamili la mwenyewe. Mama akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku langu la bati la kidato cha kwanza, bado lina kufuli lake. Nikachukua sindano na uzi mwekundu. Nilijaribu kutunga uzi mara tatu, mara nne. Mimi, fundi. Mama aliniangalia kidogo, akaninyang'anya sindano, akaitunga kwa mkupuo mmoja, akaanza kushona. Kwenye kila nguo alitia herufi moja tu, ya kwanza ya jina langu, ndani kabisa ya pindo.

"Wamesema jina kamili, mama."

"Herufi inatosha. Unataka kila anayepita huko asome wewe ni wa nani?"

Nikampa nguo iliyofuata. Iliniuma, na najua alitaka iniume.

Siku ya Alhamisi uongo ukatuzidi nguvu. Mama alikuwa amesahau, na mimi pia, kwamba kwetu hakuna anayekwenda ng'ambo peke yake. Ukipata safari, kikundi kinakuja kukuombea, kinakuletea zawadi, kinakodi gari, na kina mama wote wanakusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Wanaimba pale mlangoni mpaka askari wawasihi. Hawarudi nyumbani hadi waambiwe ndege imepaa. Mwenyekiti wao akaja kuuliza ndege yangu ni saa ngapi. Mama, ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ya ndege, akasema saa nane mchana.

"Basi Jumamosi saa tatu tuko hapa na gari," akasema mwenyekiti. "Dereva tumeshaongea naye."

Alipotoka tuligombana kwa sauti za chini, maana kuta zetu hazina siri. Nilimuuliza atanipandisha ndege gani. Akasema tutaenda tu uwanjani, wakishaondoka tutatafuta gari la Limuru. Nikamwambia hawataondoka, na kitanda ni saa sita. Akasema yeye ndiye anayeongoza maombi ya watoto wa wenzake waliopotea, mwaka wa nane sasa, nimwambie atasimama vipi mbele yao. Nilimkasirikia, na nilijikasirikia zaidi, kisha nikachoka kukasirika nikalala na viatu.

Ijumaa saa kumi wakaja, wanawake kumi na mmoja kwenye chumba cha kukaa watu watano. Walileta leso, mafuta ya kupaka ya kuzuia jua, soksi nyepesi. Binti mmoja wa kikundi, mdogo kuliko wote, akanikumbatia. "Maze usitusahau huko. Mimi sitaki vitu mob, nitumie simu moja tu fiti." Wakacheka. Mimi nikacheka pia, mikono nimeikalia isionekane.

Ndipo akaingia jirani yetu wa mlango wa pili, bibi wa Kiislamu anayekaanga mahamri alfajiri na kuyauza mlangoni kwake. Hayumo kwenye kikundi, lakini safari ni ya mtaa mzima. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, akaniwekea mapajani blanketi zito la sufu, jipya, bado linanuka duka.

Kicheko kikaanza upya. Mwenyekiti akasema, "Bibi, blanketi la Saudia? Huko si watu wanachomeka?"

"Jeddah nimefanya kazi miaka tisa," akasema bibi, na alikuwa akiniangalia mimi peke yangu. "Joto lake nalijua. Wewe chukua blanketi, mwanangu. Asubuhi za huko unakokwenda ni baridi."

Bibi huyu ndiye aliyekuwa akinikuta kizingitini alfajiri anapowasha jiko lake, nimelewa, nimeshindwa kufungua kufuli. Alinikalisha karibu na moto, akanipa chai ya tangawizi, na mama hakuambiwa hata siku moja. Ugomvi wetu wa Alhamisi alikuwa ameusikia, na sasa alikuwa amebeba blanketi mbele ya watu na bado hajaniumbua. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imefika ukutani. Sikupata ushujaa wowote. Nilichoka tu.

"Siendi Saudia," nikasema. "Naenda Limuru kutibiwa pombe. Natakiwa nifike kesho kabla ya saa sita."

Mwenyekiti akasema, kama mtu anayeomba radhi, "Kwamba unakunywa tulijua, binti yetu. Ndiyo maana tulifurahi sana. Tulisema, Saudia si hakuna pombe? Tukasema Mungu amejibu."

Mama alinyanyuka akaenda nyuma ya pazia la jikoni. Sufuria ziligongana kule, wala hapakuwa na kitu cha kupika. Mwenyekiti akafumba macho akaanza kuomba, akamkabidhi Mungu ndege na rubani kwa mazoea, akakwama, akakohoa, akaikabidhi barabara ya Limuru. Alipomaliza akasema gari ni lile lile na saa ni ile ile, ni dereva tu wa kuambiwa. Wakabusu mashavu yangu mmoja mmoja. Yule binti akaninong'oneza, "Simu wacha tu. Rudi."

Wakaondoka, na nikabaki na hofu moja. Gari lilikuwepo, kitanda kilikuwepo, lakini sahihi ilikuwa nyuma ya pazia na haikutaka kutoka. Nilikaa na blanketi mapajani, natamani pombe kuliko nilivyotamani kitu chochote wiki ile. Nasema kweli. Kama mlango usingeonekana kutoka kule jikoni kwa mama, ningetoka.

Mama akatoka, macho mekundu. Hakuniangalia. Akachukua sindano, akalamba uzi, akakosa tundu. Akajaribu tena, akalikosa, macho yalikuwa yamejaa machozi. Nikashika sindano kwa mikono yangu miwili inayotetemeka, nikaiegemeza magotini, naye akausukuma uzi. Ulipopita, akavuta blanketi upande wake.

Hakushona ndani ya pindo. Alishona juu, pembeni, mahali panapoonekana, kwa herufi kubwa za mkono wa mtu aliyeishia darasa la sita. Jina langu lote. Alipofika mwisho nikafikiri amemaliza, lakini akaendelea, akaongeza la kwake.

Akakata uzi kwa meno. "Lete hiyo karatasi ya sahihi," akasema. "Na kesho wakiniuliza pale getini wewe ni nani wangu, wasome hapa."