Gonga na Upande wa Pili

Mimi ni mbishi tangu utotoni, wala sioni haya kusema. Mchana nafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Kasulu; jioni nafanya hesabu za shahada yangu ya uzamili. Nachunguza sauti inavyofifia ndani ya metali iliyopozwa mno, hadi umeme unapita humo bila kizuizi. Katika metali nyingi za aina hiyo elektroni hushikana mbilimbili, na sauti hupita karibu bila kumezwa. Yangu niliamini ni tofauti: kuna pande ambako elektroni hubaki mojamoja na kuendelea kuimeza.

Hesabu zikaniumbua. Sauti ilipita vilevile kama katika metali nyingine. Msimamizi wangu akapiga simu: “Mwalimu, hapo hakuna kitu. Tafuta mada nyingine.”

Jasho lote lile, hivi hivi! Niliumia, nikamwomba wiki moja.

Jumamosi nikaenda Kitahana kwa baba, ambaye ni mrina asali. Nilimkuta chini ya mzinga wa gogo, akiugonga kwa mti mrefu. Ulilia kwa sauti kavu, na mdomoni hapakuwa na nyuki hata mmoja.

“Mtupu huu,” akasema. “Nitaushusha uwe kuni.”

“Gonga na nyuma, baba.”

“Mzinga hugongwa mdomoni, mwana wanje,” akasema, akiniita mwanangu kwa kikwetu. “Shule imekuchosha.”

Nikamnyang’anya ule mti, nikazunguka, nikagonga mwenyewe. Mlio ukawa mzito, umekabwa. Nyuki walikuwa wameingilia ufa wa nyuma na kujenga masega huko. Wawili wakaja kunisalimia shavuni. Baba alicheka hadi akakaa chini.

Mimi sikucheka. Kompyuta yangu ni kuukuu, kwa hiyo nilikuwa nimepitisha sauti kwa mwelekeo mmoja tu, ule rahisi. Nami nilikuwa nimegonga mdomoni.

Jumapili nikaanza upya, safari hii kwa mwelekeo mwingine. Umeme ukakatika, nikarudia. Ukakatika tena, nikarudia tena, shavu limevimba. Jumanne mchoro ukatokea: sauti ilikuwa inamezwa, na iliendelea kumezwa hata kwenye baridi kali. Nikautuma. Msimamizi alijibu neno moja: “Endelea.”

Nikampigia baba, nikamsimulia.

“Sasa huko kwako,” akauliza, “asali ipo?”

“Ipo, baba. Ilikuwa nyuma.”